Pikipiki ya Sista na Koki Niliyoikata

Vijana wa gereji za Tunduma mmeniomba kwenye grupu la mafundi niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, kwa kuwa sasa nimestaafu. Nilipousoma ujumbe wenu nilicheka mpaka mke wangu akachungulia dirishani. Fundi pikipiki anastaafu nini? Hakuna aliyenikatia keki wala kunivisha maua. Hotuba ya kuniaga niliipata kwa daktari wa mifupa, aliyesema mgongo huu ukiinama tena juu ya injini utabaki hukohuko. Vyeo msiniulize. Nilianza nikiitwa "wewe", nikapanda kuwa "fundi", na siku hizi mnaniita "mzee" hata mkiwa na mvi kunizidi. Mshahara nao tuuache ulale salama. Nitaandika kuhusu kazi, na ninyi mabingwa wa kubadilisha spea ambao kutengeneza mliona uvivu kujifunza, someni polepole.

Kwetu ni Nanyala, nyumba ya wakulima wa kahawa na mahindi kama nyumba zote za kwetu. Baba alitaka nibaki shambani. Mimi nikaona jembe halina kabureta, nikaenda Tunduma kujifunza kwa fundi mmoja wa upande wa pili wa mpaka, kutoka Nakonde, tuliyemwita Ba Mulenga. Gereji yake ilikuwa turubai na mafuta yaliyomwagika, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe lililopigwa pasi. Akalitazama shati, akanitazama mimi, akanipa beseni la mafuta ya taa na sanduku la nati za kila saizi zilizochanganyika.

"Zitenge," akasema. "Lakini fumba macho, mukwai."

Mukwai ni neno la heshima la kwao; nikafumba. Nilizitenga kwa vidole mpaka jioni, nikakosea, akazimwaga zote nikaanza upya kesho yake. Lile shati mama alikuja kulifanya tambara. Lakini mpaka leo mnipe nati gizani nitawaambia ni spana namba ngapi, jambo ambalo halijawahi kunisaidia popote isipokuwa kwenye kazi.

Kifaa chake kikuu kilikuwa kijiti cha mti wa kahawa, kimekauka na kung'aa kwa kushikwa. Ncha moja aliiweka kwenye injini, nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha anatulia kama mtu aliyepigiwa simu na wakwe. Nilipokuwa nikidandia na majibu yangu, "Bosi, hii ni ringi! Hii ni bearing!", aliniambia, "Mashine inajieleza, mukwai. Wewe unajibu haijamaliza." Na ninyi wa leo mnasikiliza injini mkiwa na muziki kwenye masikio yote mawili, halafu mnamwambia mteja tatizo ni sensa, kwenye pikipiki ambayo haijawahi kuwa na sensa tangu izaliwe. Hongereni.

Ba Mulenga alipozeeka na kurudi kwao, nami nikarudi Nanyala, nikafungua gereji nyuma ya jiko la mke wangu, Mama Neema. Naandika "nyuma ya jiko" kwa heshima tu. Ukweli ni kwamba gereji iliingia jikoni, ikala. Cheni nilichemshia kwenye sufuria. Bearing nilipashia kwenye mkaa wake, maharage yakisubiri zamu. Siku moja alisimama mlangoni ameshika mwiko, akaniuliza, "Baba Neema, leo tunakula ugali na nini? Na sproketi?"

Nilichokipenda kilikuwa pikipiki za zamani za porini, zile ndefu za matairi ya meno, walizotumia mabwana shamba, watu wa chanjo za mifugo na mapadri. Zilipokuja hizi za bodaboda, zile za zamani zikatupwa stoo za kahawa, kuku wakazihamia. Mimi nikawa nawahamisha kuku. Nilizifungua mpaka msumari wa mwisho, nikapiga msasa, nikachonga bushi kwa tupa, nikashona viti. Wateja walinishukuru kwa namna yao. Mtu nimemrudishia pikipiki safi kama ilivyotoka kiwandani, anaizunguka mara moja, anauliza, "Fundi, keria iko wapi? Gunia la kahawa nalibeba kichwani?" Basi nachomelea keria. Kijana mwingine anakuja, hataki keria, anataka mlio. Breki hana, taa hana, lakini anataka Vwawa nzima ijue anapita. Nikaanza kutengeneza eksozi za bomba tupu. Jamani, nilikuwa na jina! Nikiwasha eksozi yangu, mbuzi wa jirani walikata kamba. Na injini kweli ilivuta zaidi, kwa hiyo nilijiona mwanasayansi.

Ndipo ikaja ile pikipiki ya Isongole, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuandika.

Ililetwa na Fuso, juu ya magunia ya mahindi, ikiambatana na nesi wa zahanati moja ya huko Ileje, Sista Subilaga. Mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka bila sababu. Pikipiki yenyewe iliachwa na padri mmoja wa Kizungu zamani, na nilipoiona nikadhani imeibiwa nusu. Kiti kilikuwa kama kipande cha mkate. Injini imekaa juu kama jogoo anayevuka tope. Sproketi ya nyuma, yale meno yanayoshika cheni, kubwa kupita kiasi. Nikakumbuka Ba Mulenga aliwahi kunieleza kuhusu hizo: huko Ulaya watu hushindana kupanda miamba na pikipiki bila kukanyaga chini, na anayeweza anapewa kikombe. Kwetu Ileje jambo hilo linaitwa kwenda sokoni, na kikombe hupewi.

"Sista," nikasema, "hii ni ya michezo. Kwa nini usichukue bodaboda mpya?"

"Zimejaribu. Zinaunguza klachi katikati ya kilima, zinarudi kinyumenyume."

Akanieleza. Juu ya zahanati yake kuna kitongoji kilimani, njia ni mawe matupu. Mwanamke akishikwa na uchungu huko, vijana wanne wanambeba kwa machela, na mvua ikinyesha wanakataa kwa sababu wanateleza naye. Mwaka uliotangulia walimzika mama mmoja aliyekata roho akiwa bado begani kwa watu. Sista alikuwa ameshajifunza kuendesha. Alichotaka ni mashine ya kupanda nayo huko peke yake na kushuka na mtu, kabla mvua hazijaanza.

"Unaweza au huwezi?" akaniuliza.

Mtu hamwulizi Mnyiha kama mimi swali hilo mbele ya mke wake. Nikasema naweza.

Ile kazi ilinila. Tangi lilikuwa na kutu, nikalitia kokoto na maji nikalitikisa mpaka mabega yakalia. Silinda niliipeleka Mbeya kuchongwa. Kiti nikakirefusha ili mgonjwa akae, nikachomelea vyuma vya kukanyagia nyuma, na moyo uliniuma kukata fremu ya mashine nzuri vile. Eksozi ilikuwa imeoza. Nikamwekea nini? Ile yangu maarufu, bomba tupu, zawadi kutoka kwa bingwa. Pikipiki yenyewe haikuwa na ufunguo wala swichi. Kuizima unafunga koki ya petroli mpaka ife yenyewe, au unaiwekea gia na kukanyaga breki ijizime kwa nguvu.

Nikampa somo. Injini ya aina hii haina kisima chake cha oili. Oili unachanganya na petroli tangini, inaingia nayo, inalainisha pistoni ikipita. Nikamwonyesha kipimo. Akarudia neno kwa neno, akaondoka huku kuku wangu wakikimbilia chini ya kitanda.

Haukupita muda, pikipiki ikarudi juu ya Fuso. Pistoni imeng'ang'ania silinda. Nikafungua, nikakuta michirizi kama ukuta uliokwaruzwa na paka. Nikamwambia amechanganya vibaya. Akasema hajachanganya vibaya. Nikasema basi petroli ya huko ina maji. Akasema petroli ananunua Tunduma. Nikamtazama kwa ile huruma ya fundi kwa mteja, mnaijua, nikatengeneza upya. Ikarudi tena. Safari hii ilimnatia akiwa kwenye mteremko, tairi la nyuma likagoma kuzunguka, akaanguka. Alikuwa na bandeji kwenye kiwiko, amejifunga mwenyewe.

"Unashukaje kile kilima?" nikamuuliza hatimaye. Swali la busara, lilichelewa kidogo tu.

"Kama wote. Nikikaribia kileleni nafunga koki. Inajizimia pale juu, naiacha kwenye gia inanishikilia, nashuka."

Nilishika kichwa. Ndugu zangu wa Ileje, Mungu awabariki, kilima chochote kwao ni petroli ya bure. Hakuna pikipiki inayoshuka huko ikiwa inawaka, mtu atakuona mfujaji. Na kwa pikipiki zao za kawaida, zenye oili yake chini, hakuna shida, anabana kijiko chake cha petroli anafika nyumbani tajiri. Lakini kwenye ile ya Sista, ukifunga petroli umefunga na oili. Injini imetoka kupanda, ina moto, halafu unaisokota kavu kilima kizima.

Nikamweleza kwa sauti ya juu, Mama Neema akaacha kuchambua mchele. Nikasema watu wa Ileje wangebana hata pumzi kama ingepimwa kwa lita. Sista alifungua mdomo aseme kitu, mimi bado nina mengi, akaufunga. Nilipomaliza hotuba nilichukua msumeno nikakata kishikio cha koki mbele yake, ikabaki wazi daima. "Sasa utashuka inawaka," nikasema, "na hiyo pistoni itakuzika wewe." Nilijipongeza siku nzima. Nilikuwa nimetibu ubahili wa wilaya nzima kwa msumeno.

Mvua zilipoanza akaja tena. Safari hii aliiendesha mwenyewe, kutoka Ileje hadi Nanyala, inawaka vizuri, haina hata moshi. Nikatoka nikitabasamu, nikingoja shukrani.

"Rudisha koki," akasema.

"Sista! Si inafanya kazi?"

"Inafanya kazi vizuri sana. Rudisha."

"Yaani kijiko cha petroli..."

"Nani amekwambia nabana petroli?" Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kigoda cha Mama Neema, magoti yamejaa tope. "Baba, ngoja na mimi niseme. Nikimshusha mama mwenye uchungu, namfunga kwangu kwa kitenge, tumbo lake kwenye mgongo wangu. Siwezi kugeuka kumtazama. Nikigeuka tumeanguka wote, yale mawe hayana msamaha. Nikizima injini namsikia. Nasikia anavyohema. Namuuliza, 'Mama, upo?' Akinijibu naendelea. Asiponijibu nasimama. Sasa umenikatia koki, nikiizima kwa breki gia inaiwasha tena mteremkoni, na hiyo eksozi yako inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Juzi nimeuliza, sikusikia kitu. Nikafikiri amejibu, kelele imemeza. Nikashuka nimetulia kabisa. Kufika chini, kichwa chake kiko begani kwangu, macho yamegeuka. Sijui alizimia wapi. Sijui."

Mama Neema akauliza kabla yangu, "Yuko wapi sasa?"

"Yupo. Walimkimbiza wilayani akaongezewa damu. Na mtoto yupo. Ni Mungu tu. Lakini yuko mwingine kule juu, tumbo limeshashuka, na mimi nimewaambia sitapanda na hiyo ngoma."

Mimi, bingwa wa kusikiliza injini kwa kijiti! Nilizunguka ile pikipiki kama mteja. Nilijisikia vibaya, tena vibaya sana, na nikafanya kile mwanamume wa kwetu hufanya akijisikia vibaya: nikaenda kutafuta spana.

Koki sikuirudisha, kwa sababu hapo angeua injini. Njia iliyobaki ni moja, kuinyamazisha ikiwa inawaka. Mnielewe vizuri: maisha yangu yote nilikuwa natoboa eksozi zipige kelele, na sasa natakiwa nitengeneze eksozi ya kimya, tena haraka, Sista akisubiri kwenye kigoda. Ya kwanza niliziba mno, injini ikapaliwa ikafa. Ya pili ikalia kama mbwa aliyefungiwa ndani. Nikachukua bomba jembamba, nikalitoboa matundu madogo mwili mzima, nikalivika bomba nene. Katikati palihitaji kitu cha kumeza sauti kisichoungua. Nikamtazama Mama Neema.

"Chukua," akasema, akanirushia steelwire zake za kusugulia sufuria, zote, na mpya ambazo hazijafunguliwa. "Sufuria zenyewe ulishazimaliza."

Nikashindilia, nikachomelea, nikawasha. Ikatoa sauti ya cherehani. Nguvu ilipungua, siwadanganyi, nikaongeza sproketi ya nyuma meno kadhaa, ikawa inapanda taratibu kama mzee anayekwenda kulipa deni, lakini inapanda. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anapita akaniuliza kama pikipiki ni mbovu. Nikamwambia ndiyo, ni mbovu kabisa, apite.

Sista akanitazama. "Nitajuaje inatosha?"

"Tutaijaribu kilimani. Mimi nitaendesha, wewe ukae nyuma."

"Hapana. Mimi ndiye naendesha. Wewe ndiye mama."

Mama Neema alicheka mpaka akashika ukuta. Ninyi mlionijua miaka hiyo mnakumbuka nilivyokuwa na kitambi. Nilipanda Fuso nikaenda Isongole, kwa hiari yangu, kwenda kuwa mjamzito.

Kile kilima sikuwa nimewahi kukiona. Nilikuwa nikikitengenezea pikipiki na kukitolea hotuba nikiwa nimekaa nyuma ya jiko. Kupanda tulipanda, mashine ikitafuna mawe moja moja, nami nikashuka mara kwa mara kuipunguzia uzito. Kileleni nikatazama njia tuliyopita, nikaona si njia bali ni ngazi iliyobomoka, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu. Wanawake wa kitongoji wakatoka kutazama. Mmoja wao alikuwa mjamzito hasa, tumbo liko chini, ameshika kiuno kwa mikono miwili, hacheki na wenzake. Nikajua ndiye.

Sista akakunjua kitenge. "Sogea."

"Sista, mimi ni mtu mzima, nitajishikilia."

"Na wao ni watu wazima. Sogea."

Akanifunga kwake, kitenge kikapita chini ya makwapa yangu, fundo mbele kifuani kwake, wanawake wakipiga vigelegele vya dhihaka ambavyo hadi leo nikienda Ileje navikumbushwa. Nikamwambia kwenye mteremko awe anavuta mafuta kidogo kidogo, ili oili iendelee kuingia. Akasema anajua, nimeshamwambia mara nyingi kuliko padri anavyosema amina. Akaachia breki.

Vijana, nimeona mengi. Nimechomelea tangi lenye mvuke wa petroli ndani, na ujinga huo msiurudie. Lakini sijawahi kuogopa kama kwenye mawe yale, nimefungwa kwenye mgongo wa mtu, sina usukani, sina breki, sioni mbele ila kitambaa cha kichwa cha Sista. Kila jiwe tulilodondokea lilipanda mpaka kwenye meno. Nikafumba macho. Pikipiki ilikuwa inawaka chini yetu kimya kimya, nasikia kokoto zikikimbia, nasikia maji yakitiririka mahali fulani bondeni, na kwa kazi yangu hiyo nilisahau hata kujisifu.

"Fundi," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeongea chumbani. "Upo?"

Nilimsikia. Nilitaka kujibu, lakini nilikuwa nimebana pumzi na kung'ata meno nikingoja jiwe linalofuata.

Pikipiki ikasimama. Katikati ya mteremko, kwenye jiwe, mguu wake mmoja chini, breki zote mbili zimeshikwa, na injini bado inawaka. Hakugeuka. Alisubiri ametega sikio, mgongo wake umetulia kabisa kwenye kifua changu.

"Nimeuliza, Fundi."

"Nipo," nikasema. "Nipo, Sista."

Akasubiri kidogo tena, mpaka akanisikia nikihema sawasawa, ndipo akaachia breki.